Waya za mutumbwi wa Mama Gertrude

Mama mushauri, naomba musaada, lakini mbele ya yote ujue ni nani anakuandikia: mu Bunia muzima hakuna fundi kama miye, umeme ukinigusa ni wenyewe unaruka. Masomo niliacha mu sixième primaire, darasa la sita, ingine nilijifunza peke yangu ndani ya simu za watu, na nimefufua radio ambazo kuku walikuwa wameshazifanya kitanda.

Sasa Mama Gertrude, anayesafirisha samaki na watu kutoka Kasenyi mpaka Mahagi-Port, alinunua mutumbwi mupya wa moteri akasema, "Fiston, unifungie taa na pompe ya kutoa maji," nikateremuka njia ya Bogoro na sakoshi yangu ya vyombo vya kazi kama ministre. Waya za mutumbwi haziko kama za nyumba, ndani kuna nyuzi nyingi za shaba, nyembamba kama nywele, ukizikaza chini ya vise, ile skrubu ya kushika waya, zinatawanyika, zingine zinabaki inje, basi nikazisokota, nikaziyeyushia soudure, ile risasi ya kuunga waya, mpaka ncha zikawa ngumu, zinangaa kama jino la zahabu, nikaziingiza mu domino, kale kakipande ka plastiki kenye vise, nikakaza, taa ikawaka, pompe ikavuta, watu wakapiga mikono, hata Michée, mufanyakazi wa Mama Gertrude wa kuangalia na kutoa maji mu mutumbwi, alisema, "Kaka Fiston, weye ni hatari!"

Kisha wiki tatu, katikati ya ziwa, pompe ikanyamaza. Maji yakapanda, abiria kumi na wawili wakayatoa na mabeseni, na masufuria, mama mumoja na kiatu cha mutoto, mpaka wakafika. Hakuna aliyekufa, Mungu iko. Lakini Mama Gertrude aliniuliza mbele ya watu, "Fiston, ni nini hii?" na mudomo yangu haijui kukosa jibu, nikasema, "Ni Michée aligusa vise zangu." Akamufukuza siku ile ile. Michée iko na bibi na watoto wawili, sasa anabeba mizigo pale bandarini, na akiniona hanitukani, ananisalimia tu, hiyo ndiyo inaniuma. Na mwisho wa mwezi Mama Gertrude ananingoja nifunge mutumbwi wa pili, "kama ule wa kwanza." Nifanye nini? Kazi yangu ilikuwa muzuri, nakuapia.

Fiston, Bunia

*

Mwanangu Fiston, nilicheka pale pa kuku. Nilipofika pa kiatu cha mutoto niliacha.

Barua yako nilimusomea kaka yangu Aaron, ambaye alianza kufunga umeme wa mitumbwi weye ungali mugongoni kwa mama yako. Alitikisa kichwa. Soudure ni laini, anasema: ukiikaza chini ya vise inaminyika polepole kila siku, mwisho vise haishiki tena kitu. Tena moteri inatikisa, na pale soudure inapoishia ndipo waya inavunjika. Zile nyuzi zilifanywa nyembamba ili zikunjike, weye ukazigeuza musumari! Mu radio iliyolala juu ya meza, sawa. Ziwa halilali.

Ununue embout, kale kakopo kadogo ka shaba. Unaivalisha waya kwenye ncha, nyuzi zote ndani, usikate hata moja, unaminya na pince yake, koleo ya kazi hiyo, ndipo unakaza vise. Kisha uvute waya na mukono. Ikitoka, bora itoke mbele yako kuliko mbele ya abiria.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Unasema Michée aligusa vise. Aligusa na nini, na meno? Mutu wa kutoa maji alipata wapi turnevis, ile bisibisi ya kukaza vise? Weye unajua jibu, ndiyo maana umeniandikia miye na si Mama Gertrude.

Kwa hiyo usiguse mutumbwi wa pili. Kesho asubui shuka Kasenyi, ufungue domino ya ule wa kwanza mbele ya Mama Gertrude, na useme ukweli kwa sauti ile ile uliyomushitaki nayo Michée, mbele ya watu wale wale. Akikufukuza, umefukuzwa. Kisha uniandikie, na safari hii uache kuku nyumbani.

*

Mama mushauri, nilishuka. Nilifungua domino mbele ya wote, vise ya pompe ilikuwa inacheza kama jino la mutoto, waya ikabaki mu mukono yangu. Mama Gertrude alimurudisha Michée pale pale. Miye, amesema atafikiria.

Uliuliza juu ya turnevis. Siku nilipomaliza ile kazi, Michée aliniomba nimuachie moja, hata ya zamani, akaze vise zikilegea. Nilimujibu, "Weye kazi yako ni maji." Watu wakacheka. Nikairudisha mu sakoshi.

Fiston