Mvule kwenye Kiwanja cha Omondi

Jumatatu, 3 Novemba
Nimefagia majani ya mvule tena. Mgongo unauma. Mti umekaa palepale karibu na lango, upande ambao kifungua mimba hujenga simba yake, nyumba ya kijana. Ulipochipuka, kifungua mimba wangu Omondi alikuwa ananyonya. Marehemu baba yake akasema uachwe, mtoto atajenga kabla haujanenepa. Mtoto akaenda Nakuru kutafuta kazi. Mti ukajenga.

Kwetu mwanaume mzima halali ndani ya nyumba ya mamake. Kwa hivyo Omondi akija hunywa chai, hutazama jua, huondoka kwenda kulala lojing'i ya kulipia huko Kondele. Hamu yake hunishika akiwa bado amekaa mbele yangu.

Alhamisi, 6 Novemba
Kwa chifu, kisha ofisi ya misitu. Nimeomba kibali cha kuukata. Watatuma mtu. Nimempigia Omondi: mwezi ujao ana likizo, kibali kikitoka ataleta mafundi wa kujenga. Nimepika nikiimba.

Jumanne, 11 Novemba
Afisa wa misitu amekuja. Kijana mpole, viatu safi. Ameuzunguka mti, ameupiga kofi, ametazama juu mpaka kofia ikaanguka.

"Pole, Mama. Hii mti imelindwa, hata kama iko kwa boma yako. Ingekuwa imeoza ama inaangukia nyumba, ningekuandikia. Lakini hii iko na afya kukushinda."

Nimecheka. Alipotoka nimeupiga mti teke. Kidole kimevimba.

Omondi nimemwambia. "Sawa, Mama." Basi. Sawa hiyo siipendi.

Jumapili, 16 Novemba
Kanisani sikwenda. Fundi wa msumeno wa mashine aliniahidi kuuangusha majirani wakiwa ibadani. Amekuja. Amewasha. Nilisimama pale nikitaka uanguke, naapa nilitaka. Halafu nikawaza: nikifungwa, Omondi atakuja kwa nani? Nikamwambia azime. Amenung'unika, amekunywa uji wangu, ameenda zake.

Nimelia mchana kweupe. Nauchukia mti. Naichukia sheria. Namtaka mwanangu.

Jumamosi, 13 Desemba
Nilikuwa nimekata tamaa. Leo jioni Omondi ameingia na gari la kazi, bila mafundi. Chai. Jua likaanza kuzama, nikamfungia mihogo ya kwenda nayo, kama kawaida. Hakuinuka. Kisha akasogeza gari mpaka chini ya mvule, akalaza kiti, akaomba blanketi.

Nikaogopa. Nikamwita shemeji yangu, mzee wa boma, aseme kama ni mwiko. Amelizunguka gari kama yule afisa alivyouzunguka mti. Ametikisa mlango.

"Hii si nyumba ya mamake. Na iko mahali ya simba yake. Wacha alale."

Jumapili, 14 Desemba
Alfajiri nimesikia mtu akikohoa langoni. Nikabaki kitandani nikisikiliza. Akakohoa tena. Miaka yote hii ndicho kitu nilichokuwa nakitaka, kuamka na kujua yumo bomani.

Nilipotoka na uji alikuwa bado amelala, miguu nje ya mlango, majani ya mvule juu ya soksi.

Jumatatu, 15 Desemba
Amerudi Nakuru. Amesema Pasaka.

Nimefagia majani yote. Pale penye alama za magurudumu nimepita kando na ufagio wangu.