Siku Mshika Mkia Alipotangulia

Jumapili, saa nane mchana. Kangemi.

Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa. Jua halijaonekana tangu asubuhi, na soksi nilizofua bado zinadondosha maji kwenye kamba. Kanisani sikwenda. Nilimwambia mama kwa simu kwamba miguu inauma, na kweli inauma, ila si miguu iliyonizuia. Kwaya yetu ina watu wawili wa kundi la baiskeli, na sikutaka wanishike mkono wakinipongeza.

Nimechoka, shajara. Nimelala saa tisa nzima na nimeamka nimechoka vilevile.

Kwa yeyote anayeifikia shajara hii ya mtandaoni leo kwa mara ya kwanza: sisi ni watu kumi wa Kangemi, Kinoo, Dagoretti na mjini. Mara moja kwa mwezi tunakodi gari, tunafunga baiskeli juu ya paa na kwenda kuendesha kwenye njia za changarawe za Eburru, milima ile iliyo kati ya Ziwa Naivasha na Ziwa Elementaita. Baiskeli zetu ni mtumba wa Ulaya, usukani umepinda kama pembe za kondoo, magurudumu manene kidogo kuliko ya barabarani. Kule hakuna lori la kukupigia honi mgongoni, wala kioo cha matatu cha kukugonga kiwiko kama kilivyonigonga mimi Waiyaki Way. Kuna vumbi, punda, mvuke unaotoka ardhini na, ukiwa na bahati mbaya, nyati.

Mimi ni mshika mkia. Kazi yangu ni kwenda nyuma ya watu wote, na sheria ni moja tu: mshika mkia hampiti mtu. Shiro, dada wa Kinoo anayetuongoza, hahesabu vichwa. Akiniona nimefika, anajua wote wamefika.

Walisema wamenichagua kwa sababu nina subira. Sijui waliiona wapi. Mimi ni wa mwisho kila mahali bila kupenda. Pale mjini ninapojalidi vitabu, mimi ndiye hubaki na funguo. Kanisani mimi ndiye hupanga viti wenzangu wakishaondoka. Nyumbani ni kifungua mimba, na nimewangoja wadogo zangu wanne wamalize shule kabla ya kufikiria kuoa. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi huwa nakuta maganda.

Na kwenye mkia huwa niko na Mwalimu Zuhura.

Mwalimu ana miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Mombasa, anafundisha watoto madrasa mjini. Alinunua baiskeli baada ya daktari kumwonya kuhusu sukari. Huvaa suruali pana na kofia ngumu juu ya mtandio, na huenda polepole kama anayesalimia kila jiwe. Tukishamaliza kushuka kilima tunachokiita Mama Mkwe (hakuna anayekipita bila kushuka kwenye baiskeli na kuinamisha kichwa), huwa ni saa ya Adhuhuri. Mwalimu hutandika mkeka wake kando ya njia, anaswali, na kwa kuwa yuko safarini huikusanya Alasiri hapohapo. Mimi hubeba chupa mbili za maji. Ya kwanza ni ya kunywa. Ya pili humpa atie udhu, kisha naketi kivulini na baiskeli zote mbili mpaka amalize.

Miaka miwili nimefanya hivyo. Sijawahi kulalamika kwa mdomo.

Jana nilikwenda nikiwa nimekwisha. Wiki nzima wanafunzi wa chuo walikuwa wakituletea tasnifu zao za kujalidiwa, zote kwa pupa, na Ijumaa nilitoka kazini vidole vimekauka gundi. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa barabarani nikingoja gari. Mchana, chini ya Mama Mkwe, Mwalimu alipokuwa akitia udhu, nilisikia wenzangu wakicheka mbali kule bondeni. Nikafikiria Ziwa Elementaita, ambako safari huishia na gari hutungoja. Miaka miwili sijawahi kuliona pamoja na wenzangu. Nikifika, picha zimekwisha kupigwa, chapati zimepoa, na ndengu zimebaki za kukwangua sufuria.

Nikajiambia, njia anaijua. Ni mwendo wa nusu saa, tena wa kuteremka. Mwalimu alikuwa ameelekea kibla, mgongo kwa njia. Nikaiweka chupa ya pili karibu na gurudumu lake, nusu ya maji bado imo, ili asikose cha kunywa. Kisha nikasukuma baiskeli taratibu mpaka nikapita kona, asinisikie.

Kwenye geti la ranchi bawabu aliniuliza swali analoniuliza kila mwezi, kujua kama kuna aliyebaki nyuma.

"Umefunga mkia?"

"Nimefunga."

Neno moja. Akatia mnyororo kwa sababu ya nyati wanaoshuka kunywa maji mchana, akapanda pikipiki yake na kwenda zake geti la pili.

Ziwa ni zuri, sitadanganya. Flamingo walikuwa wamejipanga kama rangi ya waridi iliyomwagika ukingoni, na chapati zilikuwa za moto. Shiro aliponiona alipiga makofi. "Mshika mkia! Umefika? Basi tumetimia. Kujeni picha!" Nikasimama katikati. Naonekana nimetabasamu mpaka jino la mwisho. Hakuna aliyeuliza Mwalimu yuko wapi, kwa maana mimi nilikuwa pale. Wengine walidhani amekwenda chooni au kupumzika kwenye gari.

Nusu saa ikapita. Ikapita nyingine. Niliirudisha chapati ya tatu kwenye sahani.

Nilimwambia Shiro kwamba Mwalimu amepata pancha karibu na geti, namrudia. Huo ulikuwa uongo wa pili. Kwenye geti hapakuwa na mtu, mnyororo umekaza. Nilipanda juu nikarukia upande wa pili na kutembea, kisha kukimbia, kwa sababu pale alipokuwa akiswali hapakuwa na mkeka, hapakuwa na baiskeli, hapakuwa na chupa. Simu kule haishiki mtandao. Nilianza kuita. Sijui niliahidi nini kwa Mungu wakati ule, lakini nadhani ni mengi.

Nilimkuta katikati ya Mama Mkwe, anashuka, anasukuma baiskeli. Goti la suruali limechanika. Vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita jina langu.

"Alhamdulillahi," alisema. "U mzima."

Alikuwa amemaliza kuswali, akageuka, haoni mtu, ila chupa yangu ipo. Hakuna mtu anayeacha maji yake mlimani, alifikiri. Akangoja, akidhani nimeingia kichakani kwa haja. Akangoja tena. Na kwa kuwa mshika mkia hapiti mbele, hakutazama mbele hata mara moja. Alijua niko nyuma, nimeanguka au nimekutana na nyati. Akakipanda Mama Mkwe. Kilima hicho sisi hukishuka tu, hakuna kati yetu aliyewahi kukipanda, Shiro mwenyewe hajawahi. Mwalimu wa sukari na magoti mabovu alikipanda mpaka juu, akaita, akashuka tena.

Akanipa chupa. "Maji yako haya. Nilijua utakuwa na kiu."

Nusu ilikuwa vilevile. Hakuwa amekunywa hata tone.

Hapo ndipo alipotazama viatu vyangu, kisha njia niliyotoka, kule chini. Nikamwona anaelewa. Niliipokea baiskeli yake, tukateremka, nikaipitisha juu ya geti, kisha nikamshika mkono naye akapita.

Shiro alipomuuliza kama pancha imemtesa, Mwalimu alisema, "Nipe chai kwanza, mwanangu." Yeye hasemi uongo. Aliuacha wangu ukae palepale nilipouweka.

Tulipomshusha mjini nilimsaidia kuteremsha baiskeli, na hapo aliniambia kwa sauti ya chini, bila hasira ninayoweza kuieleza:

"Siku nyengine ukichoka, nambie. Ntakupa ruhusa wende. Lakini nambie."

Ningeweza kuomba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko goti lake. Miaka miwili nimebeba manung'uniko yangu yote pamoja na maji yake, na nilidhani kwamba kukaa kimya ndiyo subira.

Leo asubuhi Shiro ameweka ile picha kwenye kundi letu la WhatsApp na kuandika: "Huyu ndiye mshika mkia, watu wangu. Sisi tulikuwa tunakula chapati, yeye akarudi peke yake akaleta Mwalimu." Vidole gumba vimejaa. Mmoja amesema nipewe fulana ya kundi. Mwalimu ameusoma ujumbe, alama inaonyesha, na hajajibu.

Bado sijajibu mimi pia. Nimeanza kuandika "asanteni" mara tatu na kuifuta.

Chupa iko mezani hapa mbele yangu. Sijaweza kuyanywa maji yale wala kuyamwaga. Shiro atanipokonya mkia, na ana haki. Wa kwaya watanitazama vingine Jumapili ijayo, na viti nitavipanga hata hivyo.

Nitakiweka kiungo cha ukurasa huu chini ya ile picha, hapohapo kwenye kundi, wote wasome. Lakini kabla yao nimtumie mtu mmoja, kwa sababu aliniomba nimwambie, na nimechelewa kwa siku moja na miaka miwili.

Mwalimu, nimechoka. Nakwambia.