Mzee Polepole na Hamira Yake

Mwaka mmoja umetimia, Baba Mapacha, tangu utuage asubuhi ile, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa dada yako.

Karakanani bado wanakuita Mzee Polepole. Dereva anayeleta maganda ya matunda bado anasimulia alivyokuwa akikutania: "Mzee, hata chai unaifungulia pampu kidogo kidogo?" Nawe ulikuwa ukipuliza kikombe, ukicheka bila sauti.

Hukuwa mtu wa kugombeza. Aliyekosea ulimvutia kiti. Kazi yako ulitueleza mezani hadi sote tukaielewa: hamira inakula sukari ya matunda, inatoa kileo cha kuwashia majiko, na kileo hicho kikizidi pipani kinaiua. "Inakufa kwa jasho lake," ulisema. Wengine huchemsha pipa zima ili wakipate. Wewe uliweka utando, mwembamba kama ngozi ya kitunguu; pampu ikavuta mvuke wa kileo upande wa pili, hamira ikabaki hai. Uliiita "wanangu wadogo". Mapacha waliona wivu.

Utando wa mwisho uliuacha umelowekwa kwenye beseni uani. Tulipotoka kukuzika, dada yako alitafuta kazi ya kushika, akaliona beseni. Akausugua utando kwa sabuni na brashi ya masufuria, akauanika kambani. Ulitakata kweli, na ulijaa matundu.

Alipoelezwa, alikaa chini. "Wifi, nimemfuta ndugu yangu."

"Hujamfuta," nikamwambia. "Umemfulia."

Tukacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha tukalia tena.

Lakini kileo kilikuwa kinapanda pipani, na mafundi walianza kusema tuchemshe tu. Hamira uliyoilea tangu kabla ya mapacha kuzaliwa ingeishia hapo. Nikachukua kile kioo chako cha kutengenezea utando, nikamimina juu yake mpira ulioyeyushwa, kama nilivyozoea kukuona. Utando wa kwanza ulichanika. Nilikuwa na haraka. Wa pili ulipokuwa unakauka, dada yako aliweka kiti mlangoni mwa karakana, akazuia kila mtu. Hata jirani aliyekuja kutupa pole alirudishwa: "Pole yako tumeipokea. Sasa ondoka taratibu, usitutimulie vumbi."

Ulipokauka niliufunga pipani, nikafungua pampu kidogo kidogo. Mafundi walisimama nyuma yangu, hakuna aliyenihimiza. Tukaitazama chupa ya kupokea kileo, ikabaki kavu, tukaendelea kuitazama. Kisha tone likadondoka.

Chai ya leo ya kukukumbuka tumeipika kwa moto wa kileo cha pipa lile lile. Wanao wadogo wazima.

Unakumbukwa na mkeo, mapacha wako, dada yako mlinda mlango, dereva na mafundi wote wa karakana.

Daima tutakukumbuka, polepole, kama ulivyotufundisha.