Jambon Yako Ilitembea Mpaka Mususa

Mama, wewe uliyenizalia bwana,

Ninakuandikia kesho yake ya Noël, na mikono yangu ingali inanuka asali. Nimenawa na sabuni, nikanawa tena, mais harufu inakataa kutoka, na mimi siisukumi sana. Masika, binti yetu, ananicheka: "Mama, mutu anaandikiaka mutu aliyekufa? Barua itapita wapi?" Nimemujibu kwamba hata maombi hatuyaonaka yakipita. Donc ukae vizuri, nikuelezee, kwa sababu hili ni jambo la jikoni yako na la wana wako wawili.

Unakumbuka Noël yangu ya kwanza kwenu, kule Beni? Nilikuwa bibi-arusi, sikujua hata sahani zinawekwa wapi. Kwetu nguruwe tulimujua katika sufuria ya sombe ya majani ya muhogo tu, vipande vidogo vidogo. Wewe ukanionyesha muguu muzima wa nyuma, umelala mu beseni, mu maji ya chumvi na ndimu na kitunguu saumu, kama mutoto anayeogeshwa. Ukaniambia jina lake: jambon. Ulijifunza kuipika wakati wa usichana wako, mu jikoni ya misioni. Wazungu wale walipaka sukari ya mu kopo, na wewe ukaona ni ujinga. "Sukari ya mu kopo ya nini, na nyuki iko hapa?" Tangu hapo ulipaka asali ya pori, uliyoichemsha na maji ya nanasi mpaka ikawa nzito, ikishuka toka mwiko polepole kama mutu asiyetaka kwenda kazini.

Asubuhi, mukate ulipotoka mu four, tanuru ya boulangerie ya jirani, tuliingiza muguu matofali yangali na moto, tukaenda kwenye ibada. Huko nilistaajabu. Pasteur aliposema tu, "Tusimame kwa sala ya mwisho," wewe ulisimama ukatoka. Mama, nilizani tumbo limekushika! Nikakufuata mbio, kitambaa cha kichwa kikianguka, nikakukuta mbele ya four, umepiga magoti katika nguo yako ya Noël, unyoya wa kuku mu mukono, unapaka.

"Mama, na baraka?"

"Baraka inajua njia ya boulangerie."

"Lakini kutoka mbele ya amina..."

"Weye mutoto, asali ikiungua, batu batakula nini? Amina?"

Mwenye four alicheka mpaka akakaa chini juu ya kuni. Kisha ulinipa ule unyoya, ukanifundisha. Usipake mapema, ulisema, asali ni kama hasira, inaungua mbele nyama haijaiva. Paka mwisho, paka kidogo, rudisha mu moto, paka tena.

Kila mwaka Pasteur alikuchokoza ku mulango wa kanisa: "Mama ya jambon, leo tena ulikimbia baraka!" Na wewe: "Sikuikimbia, Pasteur. Nilitangulia kuitengenezea kiti." Kisha sisi wote ku meza moja, Mumbere wangu na mudogo wake Kambale wakigombania ngozi ya juu, ile inayong'aa na kuvunjika mu meno. Wanaume wazima wenye ndevu!

"Yaya, umeshakula yako," mudogo alimuambia mukubwa wake.

"Ile ilikuwa ya kuonja."

"Ya kuonja inaenea sahani?"

Wewe ulijifanya umekasirika. Sisi wote tulijua kwamba makelele hayo ndiyo ulikuwa unapikia.

Halafu maisha ya Beni ikawa nguvu juu ya vita, tukapanda Butembo, sisi na wewe kwanza, Kambale na bibi yake na watoto nyuma. Yeye akafungua kazi ya mbao kule Mususa, upande wa chini wa muji. Nyumba zikawa mbali kidogo, mais meza ilibaki moja. Mpaka mwaka ule ulipotuacha.

Ninakueleza hili bila kukuficha, kwa sababu wewe haukuwepo kuliona. Ulituambia sisi wote kwamba unataka kulala Kamango, kando ya kaburi ya baba. Tulisikia. Na ulipokata roho, Kambale alikuwa kule kule Kamango, alifuata kakao, na njia ikafungwa nyuma yake. Masasi ya bunduki yalilia, magari yakakatazwa. Tulimungoja. Simu haikupita. Wazee wa kanisa wakamuambia Mumbere kwamba maiti haingojeshwi namna ile, na tukakuzika hapa Butembo, juu kwenye kilima, fasi nzuri, lakini hapana ile uliyoomba.

Kambale alifika udongo wako ungali mubichi. Hakulia mbele yetu. Alisema: "Yaya, umemuzika mama yetu kama mupita-njia." Mumbere akajibu: "Ulitaka nimupitishe wapi? Mu masasi?" Ni hayo tu, Mama. Kisha hayo hawakuambiana tena hata "habari". Wakikutana sokoni, mumoja anaangalia nyanya, mwingine anaangalia mbingu.

Mwaka jana kila mutu alikula Noël kwake. Nilipika muchele na nyama ya ng'ombe. Ilikuwa tamu, na hakuna hata mumoja aliyeomba kuongezewa. Watoto walikula kama watu wanaomeza dawa. Hapo nikasema mu moyo wangu: hapana. Mara moja inatosha. Wakizoea, itakuwa desturi, na wajukuu wako watapitana njiani bila kujuana.

Kisha Pasaka nikanunua mutoto wa nguruwe, nikamufunga nyuma ya nyumba. Mumbere akaniuliza, "Ni ya nini?"

"Ya Noël."

"Sisi batano tutamaliza nguruwe muzima?"

"Nani alisema sisi batano?"

Akaelewa. Akatoka kutengeneza pikipiki yake, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Aliporudi alisema bila kuniangalia: "Mulango yangu haina kufuli. Akitaka, akuye. Mimi siendi kumubembeleza."

Nikashuka mpaka Mususa. Kambale alikuwa anapiga randa, vumbi ya mbao mpaka mu nyusi. Alinipa kiti kizuri, akatuma soda, unamujua moyo wake. Mais nilipotaja Noël, randa ikaanza kukimbia.

"Shemeji, juu yako ningekuya ata na muguu umevunjika. Juu ya Yaya, hapana. Yeye njo mukubwa. Akuye yeye."

"Na mulango wako?"

"Iko wazi. Ilikuwaka wazi."

Milango miwili wazi, Mama, na hakuna mwenye kuvuka! Nilimulilia Mungu juu ya jambo hili nikiwa ninamulisha nguruwe. Sikusikia sauti toka mbinguni. Nilipata kichwa nguvu tu, na ninaamini kilitoka kule kule. Nikaona: kama watu wanakataa kuja ku chakula, chakula si kitakwenda kwa watu? Ni nani aliyeandika kwamba meza haisogei? Sikumuambia mutu, hata Masika. Neno la namna hiyo ukilisema mapema, watu wazuri wanalishauri mpaka linakufa.

Basi nguruwe akachinjwa, na nilifanya yote namna yako. Maji ya chumvi, ndimu, kitunguu saumu. Nikapasua ngozi kwa kisu, mistari ikikatana, mu kila pembe karafuu moja. Jana, mukate ulipotoka mu four ya hapa Butembo, muguu ukaingia. Na Pasteur aliposema tusimame kwa sala ya mwisho, nilisimama nikatoka. Mumbere alinishika nguo.

"Unaenda wapi?"

"Kupaka."

Aliniachia. Nilipiga magoti fasi ile ile unayoijua. Nilipaka, nikarudisha, nikapaka tena. Mama, ilitoka nyekundu kama udongo wetu kisha mvua, inang'aa, mafuta yanalia taratibu. Hata ungekuwepo ungetafuta kosa ukalikosa.

Nikaiweka mu beseni, nikaifunika na majani ya ndizi, nikaweka kata ku kichwa. Masika alikuwa ananingoja pale na wadogo wake. Nikamuambia: "Kimbia nyumbani, leta sahani na sufuria ya muchele. Tunashuka."

"Tunashuka wapi?"

"Wewe leta sahani."

Tulipita mu barabara kama harusi ndogo. Mama mumoja wa ndizi akapaza sauti: "Mama, unahamisha Noël? Ulifukuzwa?" Nikamujibu, "Niko naitembeza, ilichoka kukaa." Kijana wa pikipiki akatufuata na motere imepunguzwa: "Mama, panda, nakubeba bure! Nilipe tu na mufupa!" Nikamuambia harufu inatosha, iko na vitamini. Nilikuwa ninacheka na kinywa tu. Kwa sababu kama Kambale angenirudisha, ningefanya nini kingine? Sikuwa na nguruwe wa pili, wala akili ya pili.

Katikati ya njia simu ikalia. Alikuwa Mumbere, amefika nyumbani, amekuta jikoni na paka tu.

"Chakula iko wapi?"

"Imepita soko."

"Inaenda wapi?"

"Mususa."

Nikasikia akimufukuza paka.

"Mama Masika, ile nguruwe ni yangu."

"Ndiyo, Baba Masika. Ukuye uikule."

Akakata simu.

Bibi ya Kambale alikuwa inje anachagua maharagi. Alipotuona alishika kinywa, "Eeh Yesu!", maharagi yakamwagika. Niliingia bila kuomba ruhusa, nikaweka beseni katikati ya meza, nikaondoa majani. Kambale alitoka mu chumba na shati haijafungwa vifungo. Aliangalia ile jambon, kisha akaniangalia mimi.

"Shemeji, unanifanyia nini?"

"Ninakuletea Noël ya mama yako. Tafuta kisu."

Alileta kisu. Alikiweka juu ya nyama, akabaki namna hiyo. Ndipo tuliposikia pikipiki inazimika inje. Sote tuliijua. Mumbere hakuingia. Alisimama karibu na mbao, na koti yake ya Noël, kofia ya pikipiki ku mukono, anaangalia chini kama mutoto aliyetumwa akasahau alitumwa nini. Watoto waliangalia nyama, kisha inje, kisha nyama. Mimi niliomba bila kufunga macho.

Kambale alisema bila kugeuza kichwa, sauti ya kutosha kufika inje: "Kwetu mudogo hakati nyama mukubwa akisimama inje. Mimi niko nangoja. Mais batoto banasikia njaa."

Mumbere aliingia. Alichukua kile kisu, akakipanguza na kitambaa chake, akakata kipande kikubwa, akakiweka mu mukono wa mudogo wake, hapana mu sahani. Na alisema akiangalia nyama, hapana yeye:

"Njia ya Kamango ikifunguka, tutaenda babili. Tumuambie baba fasi mama iko."

Kambale alikaa na ile nyama mu mukono mpaka asali ikashuka ku mukono wa shati. Kisha akasema: "Tubebe na udongo kidogo ya kwake. Tuiweke kwa baba."

"Njo vile," Mumbere akajibu.

Mama, hawakukumbatiana. Usifikiri nitakupambia hadithi. Walikula bila maneno mengi, na sisi wanamuke tuliongea kwa ajili ya nyumba nzima. Sijui njia itafunguka wakati gani, na hata ikifunguka, kidonda si mulango, hakifungwi kwa siku moja. Lakini sitachoka. Kama mwaka kesho wananuna tena, nitafuga nguruwe mwingine, na kichwa changu kingali na nguvu ya kubeba beseni. Nguvu hiyo niliikuta kwako, na Mungu anaiongeza.

Leo asubuhi, tulipomaliza kusali, simu ya Mumbere ililia. Alikuwa Kambale. Hakutaja jambon, hakutaja kaburi, hakutaja jana. Niliegemea mulango nikasikia sauti yake mu simu, aliuliza kitu kimoja tu:

"Yaya, ulisikia nini juu ya njia?"

Pumuzika, Mama. Tutapanda kwako kuchota ule udongo, tukiwa wote. Wasingya, asante.

Mukamwana wako,
bibi ya Mumbere