Kinundu Kilichowachekesha

Binti yangu mcheshi,

Chakula kipo jikoni, kipashe moto. Nguo zikikauka uzianue. Baba yako akiuliza nilipo, mwambie nimekwenda kliniki ya miguu, maana dawa yake ya "acha kudeka" haijanisaidia.

Na ahsante kwa burudani ya asubuhi. Nahangaika kuingiza mguu kwenye kiatu cha kazi, machozi yananilenga, nawe unauliza, "Mama, hicho kinundu kwenye kidole gumba kinakulipa kodi?" Baba yako akacheka mpaka chai ikampalia. Nimefurahi mno. Miaka kumi na minane nimesimama mapokezi hotelini na viatu vilivyochongoka, kumbe nilikuwa nawaandalia kichekesho.

Viatu vyako vyekundu vilivyochongoka usivitafute. ~~Nimevitupa.~~ Nimevifungia kabatini, na ufunguo ninao mimi.

Ulipokuwa unacheka ulikuwa peku. Nikaona kidole gumba chako cha kushoto kimeanza kuwalalia wenzake, vilevile changu kilivyoanza nikiwa na umri wako. Mimi hakuna aliyeniambia nivae viatu vipana, na sasa mfupa umeshatoka, kuunyoosha ni kwa kupasuliwa tu. Chako ndiyo kwanza kinaanza, tukikiwahi huenda kisifike huku.

Kwa hiyo nimeomba nafasi mbili kliniki, yangu na yako. Saa tisa nikukute nje, pale mlangoni pa kliniki. Usichelewe, mwanangu. Naogopa kuingia peke yangu.

Mama