Kumi Yangu Imeingia kwa Kijana wa Alaska

Mpendwa Shangazi Verna, naomba msaada maana sili nikashiba wala silali, na wenzangu wa timu ya kulenga shabaha ya chuo chetu hapa West Virginia hawanisalimii, yote kwa sababu ya risasi moja. Kwenye fainali ya vyuo nilipangwa jirani na Eskil, kijana wa Alaska mwenye shingo nzuri ajabu, na kweli nilimtazama kuliko inavyotakiwa, basi nikalala kifudifudi, nikalenga, nikabana pumzi, nikafyatua, na kama ilivyo desturi yetu sote nikaitaja moyoni alama niliyopata kabla ya kutazama kioo cha matokeo, maana mlengaji huihisi risasi yake mara inapotoka: kumi! Kioo changu kitupu. Nilikuwa nimepiga shabaha ya Eskil, Shangazi! Naye alikuwa amefyatua papo hapo, akauma mdomo, ndipo akatazama kioo chake, akakuta risasi mbili, nane na kumi. Waamuzi wakamuuliza ipi yake, akasema hajui, na sheria inasema ikishindikana kujulikana apewe iliyo bora. Yeye kumi, mimi sifuri, tukakosa kombe kwa pointi moja.

Kwenye basi nahodha wetu Tawney akanipasulia, "Shoga, wenzio wakipenda hutuma ujumbe, wewe unatuma risasi?" Sasa Eskil amepiga simu, anakuja Jumapili, anataka kumwona Babu, aliyenifundisha kulenga kindi kabla sijajua kusoma. Babu kasema, "Mlete huyo jambazi, nitamkaanga pamoja na kindi." Nampenda, Shangazi. Nimlete au nimwache?

Shelby Mwenye Sifuri

*

Shelby mwanangu, pole, lakini shingo? Kila mtu ana shingo! Kuna namba kubwa juu ya shabaha yako, na watoto wa shule wanaisoma kabla ya kufyatua. Waombe radhi wenzako, wapelekee mikate ya moto yenye soseji ya pepperoni ndani, na Tawney akikutania, cheka, kwa sababu amesema kweli.

Sasa huyo mpenzi wako. Nami ujanani nimevaa lile jaketi gumu la walenga shabaha nikatembea kama bata, kwa hiyo hunidanganyi, wala yeye hanidanganyi. Umeandika mwenyewe kwamba aliuma mdomo kabla ya kutazama kioo. Mtu haumi mdomo kwa kumi, mwanangu. Angesema "nane ni yangu," kombe lingekuwa kwenu, hata na sifuri yako.

Mlete. Babu akishakaa mezani, kabla hujapakua chochote, muulize Eskil mbele yake: "Ile nane ilikuwa ya nani?" Akisema "yangu," mpe chakula, na Jumatatu awapigie waamuzi simu wewe ukiwa umekaa pembeni. Akisema bado hajui, basi ama ni mwongo ama hajui kulenga, na Babu yako hajakulea miaka yote hiyo aje apate mkwe wa namna hiyo.