Mchoro wa Ukuta wa Bi Zuwena

Unguja Mjini,
Alhamisi, baada ya alasiri

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo Mama. Najua anayekusomea ni Saidi, na najua anaruka mistari akiona barua ndefu. Saidi mdogo wangu, leo usiruke hata neno moja, nakuomba.

Miguu inaendeleaje, Mama? Uvimbe umepungua? Ile dawa ya kuchua niliyompa mtu wa Mtwara ilikufikia, au kaitumia yeye njiani? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, lakini moyo hauko mahali pake. Tangu Jumatatu, mlango ukibamizwa naruka. Jirani yangu akiniuliza kama nimekula namjibu "nshakula", na ni uongo mtupu, chakula hakipiti. (Usinicheke kwa hiyo "nshakula". Kiunguja kimeshaniingia, nifanyeje?)

Katika barua yako ya mwisho ulisema boriti iliyo juu ya kitanda chako inalia, na asubuhi unakuta chokaa kwenye shuka. Ukasema pia kwamba huhami ng'o, kwa sababu ndicho chumba alichofia Baba. Nami nikasema moyoni nitaiangalia nikija likizo. Sasa nisikilize yaliyonikuta, usije ukasema Somoe mwoga tu.

Kazi yangu unaijua, napiga ripoti kwenye kompyuta katika ofisi inayotengeneza nyumba kongwe za mawe. Mchoraji wetu, Bwana Haji, huchora nyumba kwa programu ya kuchorea. Mimi huuchukua mchoro wake nikautia katikati ya maandishi, ili fundi asome na aone hapo hapo. Njia za kuutia ni mbili. Ya kwanza unauunganisha mchoro na maandishi, Haji akigusa kitu kwake, na kwangu kinabadilika. Ya pili unanakili picha yake na kuibandika, basi. Ile ya kwanza iliwahi kuniumbua. Nilipeleka disketi kwenye kompyuta yenye printa, mchoro wenyewe ukabaki kwa Haji, na penye mchoro pakatoka kisanduku kitupu, mkuu wetu akanifokea mbele ya wageni. Tangu hapo nabandika. Lakini picha iliyobandikwa ni kama ile picha yako ya studio iliyo sebuleni. Umeshabadilisha kanga mara ngapi tangu uipige? Mle ndani bado umevaa ileile.

Sasa kuna mama mmoja wa makamo huko Kiponda, Bi Zuwena, kafiwa na mumewe, yumo edani. Nyumba yao ina nyufa, na watoto wake walio Maskati wakaomba ofisi yetu iitengeneze. Haji alikwenda kupima, lakini chumba cha mjane hakuingia, angeingiaje mwanamume si maharimu wake? Akapima ghala iliyopakana na chumba hicho, na ukuta wa katikati akaukisia. Akauchora mwembamba, wa mbao na chokaa, wenye mistari ya vitone, yaani uvunjwe. Mimi nikaubandika mchoro huo kwenye ripoti.

Baadaye nikatumwa mimi, kwa kuwa ni mwanamke, nikapime chumbani. Bi Zuwena akanipokea vizuri, akanipa kahawa, akanishikia na tepu ya kupimia. Ukuta ule una kidaka cha kuwekea misahafu. Nikatia mkono ndani, ukaingia mpaka kwenye kiwiko na sikugusa mwisho. Ukuta wa mawe, Mama, mnene, na boriti zote za dari zimeulalia. Nikarudi nikamwambia Haji. Akashtuka, akasahihisha hapo hapo, akaujaza wino mweusi na kuandika kando yake, "Usiguswe."

Alisahihisha kwake. Kwangu ilikuwa imebandikwa ile ya zamani, na mimi sikukumbuka kuibadilisha. Nikachapa, nikatia jalada, Fundi Vuai, mwashi wetu, akachukua nakala yake akaenda zake.

Jumatatu nikawa nachapa nakala ya kupeleka Maskati. Mchoro wa Haji ulikuwa wazi kwenye kompyuta yake, nikapita nyuma yake nikautupia jicho. Nikatazama karatasi iliyo mkononi mwangu. Kule ukuta mweusi, huku vitone!

"Haji," nikamwambia, "Fundi Vuai kashaanza Kiponda?"

"Tangu asubuhi wako kule. Kwani vipi?"

Nyumba ile haina simu. Nikatoka ofisini Vuga mbio, nikakata Mkunazini, kandambili moja ikakatika nikaiacha hapo hapo. Mwanamke mwenye buibui akikimbia mjini watu hujua kuna msiba. "Kafa nani?" wakawa wananiuliza mabarazani. "Dada, kafa nani?" Na mimi kila nikiulizwa naona kama wameshapata habari kabla yangu. Ya Rabi, nilikuwa nasema, nifikishe kabla.

Nikasikia nyundo kabla ya kuiona nyumba. Sikupiga hodi. Nikapanda ngazi nikipiga kelele, "Vuai! Acha! Usiguse tena!"

Fundi Vuai akatoka ghalani mweupe kwa vumbi, karatasi mkononi. "We bibi, una nini? Si mchoro wenu huu? Vitone hivi hapa. Mie nimeona mawe, nikajisemea, labda wao wanajua zaidi."

"Nimekosea mimi. Ukuta huo umebeba dari!"

Alinyanyua macho tu, na uso wake ukabadilika. Walikuwa wameshatoa mawe ya kutosha kupitisha mtu. Juu, kwenye ncha za boriti, chokaa ilikuwa inachuruzika kama unga kwenye chekeche, na haikukatika.

Nikaingia kwa Bi Zuwena. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo kaupa ukuta huohuo, tasbihi mkononi.

"Bi Zuwena, inuka tutoke."

"Ntoke nende wapi, mwanangu? Ngazini wamejaa wanaume. Nimo edani mie."

"Dari inakuja, Bibi. Hii ni dharura, Mungu anaijua."

"Mume wangu kafia kitanda hiki. Sijaonwa na mwanamume tangu siku ile, na sitoonwa leo." Akaanza kulia. Nami nikalia, nikamvuta mkono, na yeye kashika nguzo ya kitanda. Alinishinda nguvu, Mama. Nilijua nikimwacha atakufa, na nikibaki tutakufa pamoja, na miguu yangu, Mungu anisamehe, ilitaka kukimbia.

Vuai akatusikia. Akanguruma huko nje, "Nyote geukeni! Nyuso ukutani! Atakayegeuza shingo namtupa dirishani!"

Nikachungulia. Wanaume wazima wamejipanga ngazi nzima, paji la uso limegusa ukuta, macho wameyafumba. Vuai mwenyewe kajifunika uso kwa shati lake. Nikamwambia Bi Zuwena, "Njoo uone. Hakuna anayekutazama." Akachungulia. Akaachia nguzo. Nikamfunika shuka la kitandani tangu kichwani, tukateremka taratibu nyuma ya migongo ile, na hakuna aliyekohoa. Wao wakatufuata kinyumenyume.

Tulikuwa ukumbini chini dari iliposhuka. Sauti yake sitaki kuieleza. Vumbi lilipotulia Vuai akapanda kuchungulia, akarudi akaniambia kwa sauti ndogo, "Kitanda hakionekani."

Bi Zuwena alisikia. Akasema, "Nkidhani namlinda marehemu. Kumbe nlikuwa nalinda chokaa."

Sasa yuko Kiembe Samaki kwa dada yake, amepelekwa kwa gari iliyotundikwa mapazia, anamalizia eda yake huko. Ofisini nimesema mbele ya wote kwamba kosa ni langu. Hawajanifukuza. Ila nikifungua ripoti yoyote nalinganisha mchoro na mchoro mpaka macho yanauma, na bado siamini ninachokiona.

Na nikifumba macho, Mama, kitanda ninachokiona chini ya vumbi si cha Bi Zuwena. Ni chako. Kwa Bi Zuwena niliweza kukimbia na mguu mmoja pekupeku. Kuja kwako Mikindani nitakimbia juu ya maji? Ninaogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku aliyokufa Baba. Chumba kile si Baba. Baba tulimzika, tukamsomea, yuko kwa Mola wake.

Nisalimie Mjomba mvuvi na mkewe, shangazi anayekaanga kalimati, na mwalimu wetu wa madrasa. Mwambie aniombee dua.

Saidi, ukifika hapa usiikunje barua. Iweke chini. Wewe shika kitanda cha Mama upande mmoja, Mjomba ashike upande wa pili, mkipeleke chumbani kwangu. Mama akikataa, geukeni ukutani mpaka atoke mwenyewe. Lililobaki ni jina langu tu, mtalisoma baadaye.

Ni mimi mwanao, niliye mbali na wewe,
Somoe